Mstari Uliolambwa

Mambo yalianza Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa nane na dakika arobaini na mbili mchana. Waceke alikuwa na hakika na dakika hizo kwa sababu alikuwa ameziandika daftarini, kama alivyoandika kila hatua ya kazi ile: saa tatu asubuhi, kufuta vumbi, saa nne na robo, kubadilisha tona ya wino, saa sita, mashine imekataa, saa saba, mashine imekataa tena, saa nane na dakika arobaini na mbili, simu imeiona printa.

Ilikuwa printa kuukuu, ya mwaka 2011, yenye skana juu yake na kifuniko kilichogeuka rangi kikawa kama meno ya mvuta tumbaku. Haikujua Wi-Fi ni mdudu gani. Enzi zake mteja alikuja na flashi, ukachomeka kebo, ukachapa. Siku hizi mteja anasimama mlangoni na simu, anataka kutuma karatasi yake kutoka pale pale aliposimama, na ukianza kumweleza habari za kebo anahamia kwa jirani. Na majirani wa kazi hiyo, katika eksibisheni ile ya vibanda vya kupanga, ghorofa ya tatu karibu na Barabara ya Tom Mboya, walikuwa saba.

Printa yake mwenyewe ilikuwa imekufa wiki iliyotangulia. Hii ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Mungai, aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi kule Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha, kwa zaidi ya miaka ishirini. Baada ya mazishi mama aliifunika kwa leso na kuisukuma chini ya meza. Waceke aliitoa huko, akainunulia kikompyuta kisicho na kioo wala kibodi, ukubwa wa pakiti ya sigara, akakiunganisha nayo kwa kebo fupi, akakiingiza kwenye Wi-Fi ya jengo, na kukiagiza kwamba kila kitakachoskaniwa kikae kwenye folda moja ambayo simu yake ingeweza kuifungua. Mtu aliyesomea takwimu chuo kikuu hashindwi na hilo. Mahali pa jina la mashine aliandika "Printa 2".

Kwenye simu ikajitokeza kwa jina la "MUNGAI RIRUTA".

Akalifuta, akaandika upya. Ikarudi "MUNGAI RIRUTA". Akajiambia kwamba ni jina la zamani limekwama kwenye kumbukumbu ya mashine, akaliacha.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana mmoja aitwaye Mbuthia, aliyetaka kuchapa sivii ya kuombea kazi. Karatasi ilitoka vizuri, ya moto, herufi zimekaa. Mbuthia akaiangalia, akamwangalia Waceke.

"Madam, hii sivii ni ya nani?"

"Si ni yako?"

"Yangu iko na jina. Hii labda ni ya hewa. Hewa imesoma mpaka digrii."

Pale juu, ambapo kwenye simu palikuwa na jina lake kwa herufi nene, karatasi ilikuwa nyeupe. Namba ya simu ilikuwepo, shule zilikuwepo, hata neno "Jina" lilikuwepo, na nukta zake mbili. Waceke alipapasa ule weupe kwa kidole. Palikuwa na unyevu, na nyuzi za karatasi zimesimama kidogo, kama mahali palipolambwa. Akanusa. Harufu ya maua. Si maua mabichi, bali maua yaliyofungiwa ndani ya plastiki siku nyingi.

"Printa imekula mstari," alisema.

Maneno yalimtoka kirahisi, na yalipokwisha kumtoka alihisi uso ukimwaka, kwa kuwa haikuwa mara yake ya kwanza kuyasema.

Mzee Mungai alikuwa na sharti moja dukani mwake. Hakuchapa programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na majina ya familia, mpaka mtu wa familia asimame mbele ya meza na kusoma majina yote kwa sauti, kuanzia la mjane hadi la mjukuu wa mwisho. Watu walinung'unika, wengine wana haraka ya kwenda mochari, lakini aliwangoja, miwani mkononi. "Soma kwa sauti," angesema. "Jicho huruka. Mdomo hauruki."

Alipofariki yeye mwenyewe, Julai iliyopita, programu ilitengenezwa na Waceke kwenye mashine hii hii. Mama alimpa karatasi yenye majina ya watoto kwa mwandiko wa mzee: wa kwanza Wavinya, wa pili Waceke, wa tatu Gichuru. Wavinya alizaliwa na mwanamke wa Machakos kabla Mungai hajaoa, na sasa alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Lavington. "Andika wote kama alivyoandika," mama alisema. Lakini mazishini wangekuja watu waliosoma na Waceke, na wangekuja wazazi wa Dan, mchumba wake, kutoka mtaa wa Jamhuri, watu ambao kwa miaka miwili alikuwa amewaambia kwamba yeye ndiye kifungua mimba wa Mzee Mungai. Alikaa na mstari ule wa kwanza mbele yake kwa dakika kumi. Kisha akaufuta, akachapa nakala mia mbili. Hakusoma kwa sauti.

Kaburini, msimamizi wa shughuli alishika programu na kuwaita watoto mmoja mmoja waje waweke maua. Akamwita Waceke. Akamwita Gichuru. Akaendelea na ndugu wa marehemu. Wavinya alikuwa amesimama pembeni, sketi nyeusi ya kuazima, waridi moja mkononi, akingoja kuitwa. Alingoja mpaka udongo ukaanza kurudishwa. Baadaye shangazi mmoja alipouliza kulikoni, Waceke alijibu mbele ya watu, Wavinya akisikia: "Ni printa, Tata. Ilikula mstari." Watu wakailaani printa, wakaenda kula.

Sasa ilikuwa imeanza kula kweli.

Jumatano asubuhi ilikula jina la bibi harusi kwenye kadi. Ikala jina la mwalimu mkuu chini ya barua yake mwenyewe. Waceke alikagua kila kitu: tona mpya, rola safi, faili nzima, kebo imekaza. Aliiandika kila karatasi iliyoharibika daftarini, na saa zake. Saa tano na nusu alikuja mama mmoja, Veronicah, kuchukua programu za mazishi ya kaka yake. Alifungua ya juu akasoma akitikisa kichwa polepole, kisha kichwa kikasimama. Paliandikwa "Watoto wa marehemu ni", na chini yake hapakuwa na kitu, mistari minne myeupe yenye unyevu.

"Msichana, hawa watoto umewapeleka wapi?"

"Samahani sana, mama. Mashine ndiyo..."

"Mashine? Kakangu amezaa wanne, wewe umemfanya tasa siku ya kumzika!" Alizirudisha zote mezani. "Mashine haina mama wala baba. Wewe unao, ama?"

Waceke alizikusanya programu zile, macho chini.

Aliyemsikia Veronicah akifoka ni Rael, fundi wa nguo wa upande wa pili wa ukuta wa mbao, mwanamke wa makamo aliyeimba nyimbo za kanisa tangu asubuhi hadi kufunga. Aliingiza kichwa mlangoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, akakunja pua.

"Waceke, kuna mtu ameweka maua hapa ndani?"

"Hapana, Anti."

"Hm. Yameoza basi." Akaitazama mashine. "Ulinunua wapi hii?"

"Ilikuwa ya baba."

Rael alirudi kwenye cherehani yake, na wimbo hakuumalizia.

Saa sita na dakika kumi na saba mchana stima ilipotea jengo zima. Cherehani zilinyamaza, redio zikakatika, watu wakapiga miluzi na vicheko kwenye korido kama ilivyo kawaida, halafu kukatulia. Chumba cha Waceke hakikuwa na dirisha. Alikuwa akipapasa meza kutafuta simu aliposikia mota ya skana ikiamka, ile sauti nyembamba aliyoijua tangu utotoni, na chini ya kifuniko kilichofungwa akaona mwanga ukitoka kama uzi, ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, polepole kuliko skana yoyote, kama jicho la mtu anayesoma mstari kwa uangalifu, na ulipofika mwisho ukarudi mwanzo na kusoma tena, na harufu ya maua ikapanda na nyuma yake harufu ya udongo mbichi, na yeye, ambaye alijua vizuri kwamba plagi haina stima na kwamba hakuna betri ndani ya mashine ile, alisimama mgongo ukiwa umegandamana na mbao, asiweze kupiga kelele kwa sababu ya jambo moja la kijinga, kwamba aliona aibu majirani wamsikie.

Stima iliporudi, folda ya skana ilikuwa na picha tatu mpya. Zote zilikuwa na saa ya wakati wa giza.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi tupu. Ya pili ilikuwa nyeusi, ila kwenye ukingo wa chini kulikuwa na vidole vinne vyeupe vilivyobanwa kwenye kioo. Na kwa jinsi nyama ilivyokuwa imelala, vilibanwa kutoka upande wa ndani. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umepinda. Mzee Mungai alipondwa ukucha ule na mashine ya kukatia karatasi, Waceke akiwa darasa la tano, naye ndiye aliyemshikia pamba.

Ya tatu ilikuwa ile karatasi ya majina, kwa mwandiko wa mzee, karatasi ambayo Waceke aliichana Julai na kuitupa chooni. Mstari wa kwanza ulisomeka vizuri: Wavinya. Mstari wa tatu ulisomeka: Gichuru. Mstari wa pili ulikuwa umelambwa.

Alhamisi Rael alifunga duka lake mapema, akaingia na chupa ndogo ya maji ya maombi. Alikuwa ameona zile picha; Waceke alimwonyesha, ingawa habari ya kaburini hakumwambia.

"Hili ni jini," Rael alinong'ona. "Na si la Mombasa. Hili ni la nyumbani, hayo ndiyo mabaya. Linajua mlango."

"Anti, usimwagie juu, kuna stima."

"Nyamaza, mtoto. Nitanyunyiza pembeni." Akanyunyiza sakafuni, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiondoa haraka kama aliyeshika kitu kilicholowa, akakirudisha. Alisali kwa sauti ya chini, kisha ya juu, kisha akafanya kama wanavyofanya kanisani kwao mbele ya mtu aliyepagawa. "Wewe pepo, taja jina lako! Nani wewe? Taja jina lako utoke!"

Mashine ikavuta karatasi. Wote wawili waliruka. Karatasi ikatoka polepole ikaanguka kwenye trei, nyeupe, imelegea kwa unyevu.

"Limekataa," Rael alisema, jasho likimtoka. "Sikia. Mwenye mali ndiye mwenye amri. Shika hapa. Sema: mimi, halafu utaje jina lako, nakuamuru utoke."

Waceke aliweka mkono. Kifuniko kilikuwa baridi kama shavu la maiti.

"Mimi," alisema.

Akangoja lije. Mahali jina lake lilipokaa siku zote, ulimi ulikuta kitu laini na chenye ubaridi, kama karatasi iliyolowa.

"Sema basi!"

"Mimi... Anti, nisaidie. Niite."

"Si wewe ni..." Rael alifungua mdomo, akaufunga. Macho yakamtoka. "Wewe si ni... Ee Mungu wangu. Jana nilikuita. Jana si nilikuita?" Akaanza kurudi kinyumenyume. "Dada, mimi nina watoto. Nisamehe. Nina watoto."

Alitoka, akasahau chupa yake. Binti wa Mungai alitoa kitambulisho mkobani, akakigeuza kwenye mwanga. Picha ilikuwa yake. Namba ilikuwa yake. Mstari wa jina ulikuwa mweupe na laini, na alipougusa, kidole kilitoka na unyevu. Alimpigia Dan. Dan aliuliza, kwa ile adabu ya mtu anayezungumza na asiyemjua, "Halo, naongea na nani?" Binti akakata simu.

Alifika Riruta jua bado liko juu ya mabati ya plot, ile safu ya nyumba za kupanga. Mama alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharagwe. Aliinua uso, akatabasamu lile tabasamu analompa mpangaji mpya, halafu tabasamu likayumba.

"Mama, niite."

"Nikuite nini, wewe?"

"Jina langu. Mama, tafadhali. Niite tu."

Mama alijaribu. Alianza na Gichuru, akalikataa kwa mkono, akataja la dada yake mwenyewe, akalikataa. Alijaribu hata kupitia kwa mama mkwe wake, yule nyanya ambaye mtoto alipewa jina lake, akakuta la yule pia limekwenda. Maharagwe yakaanza kumwagika magotini pake. "Nimekuzaa mimi," alisema. "Nakujua. Nakujua kabisa. Ni nini hiki? Umefanya nini?"

Basi binti akasema. Hakukaa, alisema akiwa amesimama uani, wapangaji wakipita na ndoo, na hakuificha sehemu yoyote: dakika kumi mbele ya mstari, wazazi wa Dan, karatasi iliyochanwa, uongo aliousema mbele ya kaburi. Alipomaliza mama alikuwa akiokota maharagwe, moja moja, bila kumtazama.

"Nilikupa majina matatu," mama alisema hatimaye. "Hasira yangu na yule mtoto niliimaliza zamani, kabla wewe hujaota meno. Sikukuomba unibebee." Akaokota jingine. "Na baba yako amelala pale, anasikia unaisingizia mashine yake."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Nenda kwake. Na usitume simu. Nenda na miguu yako."

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, saa moja na dakika tano, alifungua chumba chake mjini. Mashine ilikuwa kimya. Aliifungua faili ya Julai, akaurudisha mstari aliokuwa ameufuta, akasimama mbele ya meza kama wateja wa baba yake walivyokuwa wakisimama, akasoma. La Wavinya lilitoka. La Gichuru lilitoka. Katikati yao sauti ilikatika, kama hatua iliyokosa ngazi. Akabonyeza simu. Karatasi ikatoka ya moto, mstari wa kwanza mweusi, uliokolea, bila kasoro, na wa pili umelambwa. Chini ya kifuniko mwanga ulipita mara moja, kushoto kwenda kulia, ukazimika.

Saa nne kasoro robo alikuwa Lavington, mbele ya lango jeusi lenye kidirisha. Mlinzi, Oduor kwa kibandiko cha kifuani, alimpitishia kitabu cha wageni.

"Andika unamwona nani, na jina lako hapa."

Kwenye safu ya mwenyeji aliandika: Wavinya wa Mungai. Mkono wake haukuwahi kuyaandika maneno hayo pamoja. Kwenye safu ya mgeni kalamu ilitembea, na nyuma yake hapakubaki kitu.

Oduor aliichukua biro, akaitikisa, akachora mstari kwenye kiganja chake. Wino ulitoka. "Madam, hii biro ni nzima. Si umeandika la mwenyeji sasa hivi? Lako liko wapi?"

"Mwambie tu niko hapa."

"Nitamwambia wewe ni nani?"

"Mwambie ni yule aliyetengeneza programu ya baba."

Wavinya alikuja baada ya muda, aproni kiunoni, unga wa chapati umemfika viwikoni. Alikuwa na paji la uso la Mungai, jambo ambalo mdogo wake alikuwa amejizoeza kutoliona. Alisimama ndani ya lango lililofunguliwa nusu. Hakusalimu.

"Printa haikula mstari," mgeni alisema. "Haikula kitu. Nilikufuta mimi. Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Yako. Ya kwamba wewe ndiye wa kwanza."

Oduor aligeuka akaanza kuyakagua maua ya ukuta kwa makini sana.

"Nilikuwa na ua mkononi," Wavinya alisema.

"Nilikuona."

"Uliniona."

"Nilikuona muda wote."

Wavinya alijipangusa mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole. Aliitazama karatasi aliyonyooshewa, hakuipokea. Naye alikuwa akipelekwa duka lile la Riruta Jumamosi, zamani, na mama yake, akakaa kwenye kreti nyuma ya meza.

"Soma," alisema. "Kwa sauti. Baba alitaka hivyo."

"Watoto wa marehemu ni," alisoma. "Wa kwanza, Wavinya."

Jina lilipita juu ya lango, likaingia uani. Wavinya alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Endelea."

"Wa pili."

Jina halikuja. Alijaribu tena, "Wa pili," na ulimi ukakuta ile karatasi iliyolowa. Wavinya alisogea akaangalia mstari mweupe, kisha akauangalia uso wa aliyeshika karatasi, na midomo yake ikaanza kutengeneza kitu, halafu ikafungana. Jina alikuwa nalo. Ilionekana wazi kwamba yeye, kati ya watu wote, alikuwa nalo, limekaa mdomoni mwake, zima.

Binti wa pili wa Mungai hakuomba. Alisimama nje ya lango, karatasi mkononi, kwenye jua la saa nne, akingoja kuitwa.